Kundi Linakukuta Mlangoni

Kijijini, karibu na Uyole,
Mbeya.

Mama yangu uliyenizaa,

Kamwene, mama, na shikamoo. Anjela mdogo wangu, wewe unayemsomea, soma taratibu na usiruke mahali, hata pale utakapoona aibu. Ukifika penye neno zito mpe mama nafasi ya kuvuta pumzi, halafu endelea.

Habari za Idodi? Mguu wako unaendeleaje, na yale maji ya chumvi bado unaukandia, au umeacha kwa sababu hakuna wa kukugombeza? Mtama umetoka? Huku mvua si habari, inanyesha hata tusipoiomba, na ukungu unakaa juu ya mashamba ya pareto mpaka jua linachoka kuusubiri. Mimi nipo. Nikiandika kwamba ni mzima nitakuwa nimekudanganya, nikiandika kwamba naumwa utafunga safari na mguu wako huo, kwa hiyo naandika kwamba nipo. Lugano mjukuu wako naye yupo, na habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Maneno yako yalinifika kwa mdomo wa yule utingo wa lori la mahindi. Alinikuta sokoni Uyole akaniambia mbele za watu kwamba mama yangu amesikia ninateswa, baba mkwe ananinyima maziwa ya mtoto, na kwamba mjomba Kalolo anakuja kunichukua, akija na fimbo. Mama, naomba mjomba asije. Nusu ya uliyosikia ni kweli, nusu imegeuzwa njiani, na fimbo haitaweza kuzitenganisha. Ngoja nikueleze mwenyewe.

Unajua kwamba mume wangu Ambakisye alipokwenda kwenye kazi ya reli aliniacha Mbeya mjini, kile chumba cha kupanga. Halafu ikaja amri kwamba watu wahamie vijijini, na mwenye nyumba akataka chumba chake. Baba mkwe alikuwa ameshahama kutoka kwao Rungwe, amepewa kiwanja katika kijiji hiki kipya, akatuma neno kwamba mke wa mwanawe halali kwenye chumba cha kupanga wakati yeye ana nyasi za kuezeka. Akatujengea kijumba upande wa pili wa migomba. Alikijenga kwa mikono yake kabla sijafika, nikakikuta kimekandikwa na kusakafiwa.

Siku tuliyoshuka kwenye gari, karani wa kijiji alikuwa pale barabarani na penseli yake sikioni. Hakuniuliza jina, wala ninajua kazi gani, wala nina shida gani. Aliniuliza neno moja tu, umefikia kwa nani. Na mimi jina la baba mkwe silitamki, ndiyo mila ya huko nilikoolewa, basi nikanyoosha kidole kwenye nyumba. Akatazama nyumba, akaandika, akasema haya, wewe ni kundi la pareto. Mzigo bado uko kichwani kwangu, nimeshakuwa kundi la pareto.

Ndivyo ilivyo hapa, mama. Mgeni hachagui wala hachaguliwi. Anatazamwa amefikia nyumba gani, na nyumba ni ya kundi gani, basi naye anaingia humo humo. Wengine ni kundi la viazi. Na wanawake wasio na waume, wajane na walioachika, wana kundi lao na kiongozi wao mwanamke, wanalima mboga kule bondeni. Usidhani kundi ni la kulima tu. Kundi ndilo mlango wa kila kitu. Mafuta ya taa ya duka la kijiji yanauzwa kwa kundi. Gari likienda hospitali ya mjini, nafasi ni za kundi. Na maziwa ya ng'ombe wa kijiji, ambayo wanapewa watoto wadogo, kila kundi lina siku yake.

Sasa sikiliza utaratibu wa maziwa, maana hapo ndipo nilipokwama. Zamani yaligawiwa tu kwa anayekuja. Wakaja watu wa barabarani na wa vijiji vya jirani na watoto wa kuazima, maziwa yakaisha na watoto wa hapa wakalia. Ndipo ikaamuliwa kwamba mtoto aje amebebwa na mama yake mzazi, na kiongozi wa kundi asimame mlangoni, amtazame yule mama usoni, amwambie karani, "Huyu ni wetu." Asipomtazama na kusema hivyo, hakuna maziwa. Utaratibu mzuri, mimi sina ugomvi nao.

Ila kiongozi wa kundi la pareto ni baba mkwe.

Anjela, mpe mama nafasi.

Mama, unajua Wanyakyusa. Mkamwana na baba mkwe wake hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawaambiani neno. Hapa nyumbani tumezoea. Yeye anapita njia ya juu, mimi ya chini. Akifika kwenye pembe ya nyumba anakohoa, mimi naingia ndani, au nikiwa na mzigo najifunika khanga na kugeukia migomba mpaka apite. Chakula chake nakipika mimi, anakipeleka Mama Atupele jirani yetu, na maneno kati yetu anayabeba huyo huyo. Mama mkwe angekuwepo ingekuwa kazi yake, lakini alifariki kabla sijaolewa.

Najua utasema, mtoto anakonda na wewe unamkimbia mzee wa watu? Basi kumbuka Ambakisye alipokuja kwetu mara ya kwanza. Ulipotokea na mtungi wa maji aliruka nyuma ya ghala, akaangukia kwenye ile miiba ya uzio, akatoka suruali imechanika, na Anjela akacheka mpaka akakaa chini. Wewe ulisema nini? Ulisema, kijana huyu ana adabu, apewe. Adabu ile iliyompa mke ndiyo hii niliyonayo mimi huku. Siwezi kuisifu kwenye miiba yake na kuitupa kwenye miiba yangu.

Siku ya kwanza ya maziwa nilikwenda sijui kitu. Nikaona pale mlangoni koti la kijivu ninalolijua, nikageuka na mtoto wangu nikarudi mbio. Watu waliokuwa kwenye mstari walicheka. Bibi mmoja alisema kumbe Wahehe nao wamefundwa. Na msichana mmoja, nadhani ni wa huko huko Rungwe lakini amesomea mjini, akajibu, "Adabu hainyonyeshi, bibi." Neno hilo lilinifuata mpaka nyumbani likalala na mimi.

Maana lilikuwa kweli. Homa niliyoipata nilipofika ilinikausha maziwa. Mara ya pili nikampa Mama Atupele ampeleke Lugano, karani akamrudisha. Simlaumu. Alisema leo ni Mama Atupele, kesho atakuja mtu na mtoto kutoka Chimala, atamwambia nini? Mama Atupele akawa ananigawia kidogo kutoka kikombe cha Atupele wake, mpaka nikaona haya, kwa sababu Atupele naye ni mtoto na anatazama kikombe kikiondoka.

Lugano akaanza kubadilika. Nywele zikawa nyepesi na nyekundu kama za mahindi. Miguu ikajaa, ukibonyeza inabaki shimo. Kilichonitisha zaidi ni kwamba aliacha kulia. Anakaa hapo nilipomweka, anatazama, hanyooshi mkono. Niliomba uji wa maharage umsaidie, ukamsaidia kidogo tu. Nikampeleka kwa mganga wa zahanati. Alimtazama mara moja akasema, "Huyu haumwi, ana njaa." Mama, nimewahi kutukanwa, lakini sijawahi kuambiwa neno kama lile. Mimi ninayelima toka ukungu mpaka jioni.

Nikaenda kwa karani, nikamwomba anihamishie kundi la viazi. Ni kijana mpole, amesoma mpaka darasa la kumi na mbili, hana kiburi. Alinipa kigoda nikae. Akaniambia, "Dada, kundi haliombwi. Kundi linakukuta mlangoni. Ukitaka kundi lingine, hamia nyumba nyingine." Nikamwambia sina nyumba nyingine. Akazungusha penseli. Halafu akasema, na naamini alisema kwa huruma, kwamba kuna njia moja. Kwenye siku ya maziwa, kabla ya kugawa, watu husimama kueleza mabadiliko. Nisimame niseme mbele ya wote kwamba sina mume. Mwanamke asiye na mume anatoka kundi la nyumba na kuingia kundi la wanawake wa bondeni, hapo hapo, bila kikao. Kiongozi wao ni mwanamke, atanitazama, mtoto atakunywa siku hiyo hiyo.

Nilimwambia mume ninaye. Akaniuliza taratibu, alikuandikia lini?

Mama, Ambakisye hajaandika tangu mahindi ya mwaka jana yakiwa machanga. Watu wanaorudi kutoka kambini wanasema wamemwona, ni mzima, na ukiwauliza zaidi wanaanza kuzungumzia madaraja. Sikukuambia haya kwa sababu ulikuwa na mguu. Kwa hiyo lile neno, sina mume, lisingekuwa uongo mtupu mdomoni mwangu. Hilo ndilo lililoniogopesha. Ningekuwa na hakika naye ningelikataa pale pale.

Nilirudi nikamweleza Mama Atupele. Huyu mwanamke huwa hakosi utani, hata msibani, lakini siku hiyo aliendelea kumenya viazi tu. Mwishowe akasema, "Ukilisema, maziwa utapata. Lakini mzee atakuwa amesimama hapo hapo mlangoni, na atalisikia kwa masikio yake. Kijumba hiki alikandika mwenyewe." Akaninawisha mikono na ile yake kwenye karai moja, kama vile mimi ndiye mtoto.

Sasa fika hapa, Anjela, usiharakishe.

Siku ya maziwa nilimfunga Lugano mgongoni nikaenda. Nilikuwa nimeamua kulisema. Nisikufiche, mama, niliamua, na njiani nilikuwa nalirudia kwa midomo ili lisije likanikwama. Watu walikuwa wengi kwa sababu kundi la viazi nao walikuja kuchukua mafuta ya taa. Nilisimama nyuma kabisa, khanga imefunika uso, natazama chini. Karani aliuliza nani ana mabadiliko. Halafu akasema, "Mama Lugano, una la kusema?"

Nikapita mbele kidogo. Lugano mgongoni ni mwepesi, mama. Ulipombeba wewe Idodi uliniambia nimekuzalia jiwe la kusagia. Sasa nilihisi kama nimebeba khanga iliyoloa. Nikafungua mdomo kusema lile neno na likatoka lingine. Nikasema, "Mume ninaye. Yuko kwenye reli. Mtoto ana njaa. Sina lingine."

Hakuna aliyecheka. Nikasikia kile kikohozi chake, kile cha pembe ya nyumba. Miguu yangu ikataka kukimbia kwa mazoea. Lakini Mama Atupele alikuwa nyuma yangu akanisimika, akaninong'oneza, "Tazama miguu yake."

Nikatazama chini kwa upenyo wa khanga. Viatu vyake vya matairi vilikuwa vimegeuka. Visigino vilikuwa upande wetu. Mzee alikuwa amegeukia mlango, uso kwenye mbao, mgongo kwa watu wote wa kijiji. Akasema, "Mama Atupele, mwambie mama Lugano apite."

Nikapita, nimeinama. Karani akasema kwa heshima, "Mzee, utaratibu ni umtazame, halafu useme kama ni wenu."

Mzee akajibu bila kugeuka. Nayaandika maneno yake kama yalivyotoka, maana ndiyo niliyotaka uyasikie kuliko yote. "Karani, hapa wote nawatazama. Wewe nakutazama, wa viazi nawatazama, mgeni wa barabarani nitamtazama. Katika kijiji hiki mwanamke nisiyemtazama ni mmoja. Unataka ushahidi gani zaidi kwamba ni wetu?"

Halafu akarudisha mkono nyuma, kiganja wazi. Mkono wenyewe una makovu ya panga. Mimi nisingeweza kuugusa. Nikageuka ubavu ili Lugano aufikie. Na Lugano, ambaye alikuwa hanyooshi mkono kwa chochote, alikamata kidole cha babu yake akakishika. Mzee akasema, "Na huyu pia."

Karani akarudisha penseli sikioni. Halafu akachota maziwa. Mtu mmoja wa viazi akapiga kelele kwamba kesho naye atamleta shemeji yake kutoka Tukuyu amgeuzie mgongo, na watu wakacheka, hata karani, na mimi mwenyewe ndani ya khanga nikajikuta nacheka na kulia kwa pamoja. Lugano alikunywa amesimama kwenye paja langu, akajimwagia nusu kidevuni. Mama Atupele akamfuta akimwambia ndaga, ndaga, ambalo hapa ni neno la pole na la ahsante, sijui alikuwa na maana ipi.

Ningependa barua iishie hapo, lakini haikuishia hapo. Karani amesema kwake yeye ametosheka, ila hana mamlaka ya kubadili utaratibu, lazima apeleke swali juu. Kuna bwana atakuja kutoka mjini kukagua makundi. Wapo wanaosema huyo bwana hapendi kabisa mambo ya kimila, kwamba ataniambia nifunue uso na nimtazame mzee mbele ya watu ili mfano upatikane. Wengine wanasema mzee atavuliwa uongozi. Yeye ametuma neno kwa Mama Atupele kwamba uongozi atauvua mwenyewe kabla hajavuliwa, kuliko mke wa mwanawe kusimama tena mbele za watu na kuulizwa kama ana mume. Nalo linaniuma. Tangu afiwe na mkewe, uongozi huo ndio kitu kinachomfanya apige pasi koti lake. Nimemrudishia neno kwamba asivue kitu kwa ajili yangu. Hajajibu. Asubuhi nasikia tu kikohozi.

Nimeshaamua nitakalomwambia huyo bwana. Nitamwambia, ndugu, nitalima pareto, nitachota maji, nitakuja na mtoto wangu kwa miguu yangu mwenyewe. Mkitaka kunijua, niulizeni, ninao mdomo. Kumtazama baba mkwe sitamtazama, na kusema sina mume sitasema mpaka Ambakisye mwenyewe aje anieleze. Akikataa nitahangaika kwa njia nyingine, lakini kwa hizo mbili, hapana. Naogopa, mama, lakini hapo nimesimama.

Kwa hiyo mwambie mjomba Kalolo aweke fimbo chini. Akitaka kunisaidia apitie kambi za reli amtafute Ambakisye, amwambie mtoto wake amejifunza kushika kidole cha mtu na cha baba yake hakijui. Asimpige. Amwambie hivyo tu.

Na wewe, ukipata mtu anayekuja huku, nitumie unga wa ulezi, na ubuyu kidogo, wa huku hawaujui. Lugano amepata maziwa ya siku yetu kila yakigawiwa, miguu imepungua kujaa, lakini nywele bado. Jana alilia kwa sababu nilimnyang'anya kijiko. Nilimwacha alie. Nilikaa mlangoni nikimsikiliza kama mtu anayesikiliza redio.

Nisalimie shangazi wa Iringa mjini, atakayekupokelea barua hii sokoni, mwambie nashukuru kwa blanketi, ndilo linalotuokoa na baridi hii. Msalimie mwalimu wa katekisimu aliyenifundisha kuandika, ajue kazi yake haikupotea. Kaka yangu Filberti na mkewe, waambie watoto wao wanywe maziwa ya mbuzi bila kuyachezea. Mama Atupele anakusalimu ingawa hakujui, anasema umezaa mtu mbishi. Anjela, wewe nakubusu, na usiolewe upesi, au ukiolewa, muulize kwanza baba yake mchumba anakaa upande gani wa migomba.

Jambo la mwisho, mama. Uliniuliza wakati wa harusi, huyo baba mkwe wako anafananaje, na mimi nikakuahidi nitakuandikia. Sijui. Mpaka leo sijauona uso wake na sitauona. Najua mgongo wake. Ni mpana kuliko ulivyodhani, koti limeshonwa bega la kushoto kwa uzi mweusi, na shingo imeinama kidogo kama ya mtu anayesikiliza. Uso wake Lugano anautazama kila siku, na akirudi kwangu namchunguza yeye macho yake, kuona kama ametoka kutazamwa vizuri. Ametoka kutazamwa vizuri, mama. Kwa hilo lala.

Ni mimi binti yako mkubwa, ambaye bado yupo,

Sikitu, mama Lugano.